Sharpe, Paley na Austin: ofisi ya Lancaster iliyoijenga Kaskazini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nyumbani nilisoma usanifu majengo, sasa nafanya shahada ya pili hapa Lancaster, Uingereza. Karibu kila kanisa ninaloingia huku Kaskazini naambiwa ni la Paley na Austin. Mji wenyewe ni mdogo, na ofisi ni moja. Je, watu hawa walikuwa wakiiga tu wakubwa wa London? Nani hasa kati yao alichora nini? Na nikitaka kuwaelewa vizuri, nianze kuangalia wapi?"

Marahaba. Niliondoe kwanza hilo la kuiga, kwa sababu limewaandama watu hawa isivyo haki. Hapana, hawakuwa waigaji. Kazi bora za ofisi hii, hasa zile zilizojengwa kati ya mwaka 1870 na 1900, hazipungukiwi kitu mbele ya jengo lolote la wakati wake Uingereza nzima, hata yale ya London. Kilichowapunguzia sifa ni anwani. Magazeti ya usanifu yalikuwa London, vyama vilikuwa London, na msanifu aliyetaka kuandikwa ilibidi aonekane huko. Wao walikaa kwao, wakajenga.

Jambo la pili la kujua ni kwamba "Paley na Austin" ni moja tu kati ya majina ya ofisi iliyodumu zaidi ya miaka 100. Edmund Sharpe aliianzisha mwishoni mwa 1835. Edward Graham Paley aliingia mwaka 1838 kama mwanagenzi wa miaka 15, akafanywa mbia mwaka 1845. Sharpe akajitoa 1851. Hubert James Austin alikuja 1868, na hapo ndipo lilipozaliwa jina unalolisikia kila siku. Mwaka 1886 akaongezwa mtoto wa Paley, Henry, ambaye watu walimwita Harry. Paley mzee alifariki 1895, Austin 1915, na Harry akaendelea mpaka ofisi ilipofungwa katika miaka ya 1940. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kanisa na kukutajia jina hilo, muulize ni la mwaka gani. Bila mwaka hujui unamzungumzia nani.

Sharpe ndiye wa kwanza, na ndiye mwenye historia ya ajabu zaidi. Alizaliwa Knutsford, Cheshire, mwaka 1809, akasoma Cambridge, na chuo kikuu kikampa fedha za kusafiri. Kuanzia 1832 alizunguka Ujerumani na Ufaransa akichunguza makanisa ya kale, hasa yale ya zama ambazo tao la duara lilikuwa linaanza kugeuka tao lenye ncha. Aliporudi na kufungua ofisi Lancaster alikuwa na miaka 26. Jina bado hakuwa nalo, lakini alikuwa na ndugu na marafiki. Binamu yake, John William Whittaker, alikuwa kasisi mkuu wa Blackburn, mji wa viwanda vya pamba uliokuwa ukijaa wafanyakazi kwa kasi kuliko makanisa yalivyoweza kuwapokea. William Whewell, msomi mkubwa wa Cambridge aliyezaliwa Lancaster, naye alikuwa upande wake. Kazi za kwanza za Sharpe zilitokana na watu wa namna hiyo.

Wewe uliyetoka kwetu huhitaji kuelezwa maana ya hilo. Ila usidhani undugu ulitosha. Fedha za makanisa hayo zilikuwa za kubana: kidogo kutoka serikalini, kidogo michango ya matajiri, na watu wengi wa kuwaketisha. Elimu ya Sharpe ilimsaidia hapo. Alijenga mengi ya mwanzo kwa mtindo wa Kinormani, wa tao la duara, kuta nene na madirisha madogo. Dirisha la Gothiki, yaani mtindo wa tao lenye ncha, likiwa na nakshi za mawe linamtaka fundi mwashi achonge kila kipande kwa siku nyingi. Tao la duara lisilo na nakshi halimgharimu mteja kiasi hicho. Kijana aliyekuwa ameyaona makanisa ya kale ya bonde la Rhine alijua kwamba wembamba wa bajeti si lazima uonekane kwenye sura ya jengo, mradi vipimo viwe sawa.

Halafu akaja na jambo ambalo mpaka leo linanisisimua kama mtu wa fani. John Fletcher, aliyekuja kuwa shemeji yake, alikuwa na mgodi wa makaa ya mawe karibu na Bolton. Pamoja na tabaka za makaa hupatikana udongo mgumu unaostahimili moto mkali. Sharpe na Fletcher wakajiuliza kama udongo huo unaweza kujengea kanisa zima: kuta, nguzo, nakshi za madirisha, mpaka mnara. Kanisa la Mtakatifu Stefano na Mashahidi Wote, Lever Bridge, Bolton, lilianza kujengwa mwaka 1842 na likawekwa wakfu 1845, nalo ni la udongo wa kuchoma, yaani terakota, kuanzia nje hadi ndani. Hata ncha za viti vya waumini ni terakota.

Kitaalamu hiyo si kazi ndogo. Udongo ukikauka na kuungua tanuruni husinyaa, kwa hiyo kalibu hufanywa kubwa kuliko kipande kinachotakiwa, na ukikosea hesabu ya kusinyaa vipande vya tao havikutani juu. Kipande kinene kikichomwa kizima hupasuka, hivyo huachiwa uwazi ndani. Na kwa kuwa kalibu moja hutoa vipande vingi vinavyofanana, nakshi ambayo kwa jiwe ingelipiwa upya kila dirisha, kwa terakota hulipiwa mara moja. Mwaka 1842, mtu wa mkoani alikuwa tayari anafikiria vipande vya jengo vinavyotoka kiwandani! Mnara wa Lever Bridge ulikuwa na kilele kilichotobolewa nakshi kiasi cha kupitisha mwanga, kama kile cha Freiburg ambacho Sharpe alikiona Ujerumani. Kilibomolewa katika miaka ya 1930, na ukiangalia picha za zamani unaona hasara yake.

Wakosoaji wa Cambridge, waliokuwa wakijiona walinzi wa usafi wa Gothiki, walilichukia. Walisema ni udongo unaojifanya jiwe. Hoja yao ina uzito, na mimi naikubali nusu: pale terakota inapoigiza mikato ya mwashi, inajinyima sura yake yenyewe. Lakini Sharpe hakukata tamaa. Alijenga jingine Rusholme, Manchester, na zaidi ya miaka 20 baada ya kuacha ofisi alirudi uwanjani kujenga la tatu, la Mtakatifu Paulo, Scotforth, kati ya 1874 na 1876. Hilo liko hapo hapo mjini kwako, kwenye barabara ya kwenda chuo kikuu. Basi lako hupita karibu nalo.

Kuondoka kwake mwaka 1851 kulitokana na mambo mengi kumvuta. Alikuwa meya wa Lancaster mwaka 1848 hadi 1849, akapigania maji safi na mitaro ya maji taka wakati mji unanuka na kuugua. Aliingia kwenye biashara ya reli. Aliandika vitabu, na kwa utafiti huo wa historia alipewa nishani ya dhahabu ya chama cha wasanifu wa Uingereza mwaka 1875. Alifariki Milan mwaka 1877. Ofisi alimwachia Paley, ambaye mwaka huohuo wa 1851 alimwoa Frances, mdogo wake Sharpe. Biashara na familia zilikuwa kitu kimoja.

Paley hana makeke ya Sharpe, na waandishi wengi humpita haraka. Mimi naona ndiye aliyeifanya ofisi iwe taasisi. Alikuwa mtu wa kuaminika: jengo linamalizika, halivuji, na gharama haimtoroki mteja. Wakati ule msanifu kwa kawaida alilipwa asilimia 5 ya gharama ya ujenzi, kwa hiyo ofisi haikuishi kwa kanisa moja zuri. Iliishi kwa kazi nyingi zinazofuatana, kubwa na ndogo, paa la kukarabati hapa, nyumba ya kasisi pale, shule kule. Paley alijua kuziweka kazi hizo zote kwenye mstari. Na alikuwa mwalimu. John Douglas, ambaye baadaye aliubadilisha mji wa Chester kwa majengo yake ya mbao na matofali, alilelewa kikazi na Paley na kuwa msaidizi wake mkuu kabla ya kwenda kujitegemea.

Sasa, swali lako kuhusu ofisi moja ya mji mdogo kuwa na kazi zote hizo: sehemu kubwa ya jibu ni reli. Mwaka 1857 ilifunguliwa njia inayozunguka Ghuba ya Morecambe na kuvuka midomo ya mito Kent na Leven kwa madaraja marefu. Kabla ya hapo, rasi ya Furness ng'ambo ya ghuba ilifikiwa kwa kuvuka mchanga maji yakipwa, safari iliyoua watu wengi. Baada ya hapo msanifu wa Lancaster aliweza kwenda kukagua kazi Furness na kurudi kulala kwake. Na Furness wakati huo kulikuwa na chuma. Barrow, kilichokuwa kijiji tu, kilikuwa na watu zaidi ya 40,000 ilipofika 1881. Nyuma ya yote hayo alikuwa Duke wa Devonshire, mwenye ardhi na mwenye hisa, na mtendaji wake James Ramsden, aliyeiendesha kampuni ya reli ya Furness na kuwa meya wa kwanza wa Barrow.

Paley alimjengea Ramsden nyumba. Kampuni ya reli ikampa stesheni. Ile ya Ulverston, ya mwaka 1873, yenye mnara wa saa, bado inatumika. Jumba la Duke la Holker lilipoungua mwaka 1871, ofisi ya Lancaster ndiyo iliyoitwa kuujenga upya upande wa magharibi. Na Barrow ilipokosa makanisa kwa wafanyakazi waliokuwa wakimiminika, ofisi ikachora manne ya mbao kwa mpigo mmoja mwaka 1877, ya muda tu, yakapewa majina ya waandishi wanne wa Injili. Linganisha kazi hizi mbili. Jumba la Duke na kanisa la mbao la wapiga chuma vilitoka kwenye meza zilezile, na wateja wa kwanza ndio waliowalipia wa pili.

Kuna jengo la Paley ambalo wasomaji wetu Waislamu wanaoishi Uingereza huenda wanalijua bila kujua nani alilichora. Lile kubwa lenye mnara, kusini mwa Lancaster, lililoitwa Royal Albert, lilianza kujengwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili kutoka majimbo yote ya Kaskazini. Baada ya kufungwa kama hospitali katika miaka ya 1990 likawa Jamea Al Kauthar, shule ya bweni ya Kiislamu ya wasichana.

Nije kwa Austin, maana bila yeye nisingekuandikia kwa furaha hii. Alizaliwa 1841, mtoto wa kasisi wa County Durham. Alianza kazi kwa kaka yake wa baba mmoja, Thomas, huko Newcastle. Na Thomas mwenyewe alikuwa amefunzwa Lancaster. Kisha Hubert akaenda London kwa George Gilbert Scott, mwenye ofisi kubwa kuliko zote za zama zile. Umeona mzunguko huo? Elimu ilitoka Lancaster kwenda Newcastle, ikapita London, ikarudi Lancaster mwaka 1868 ikiwa imekomaa. Kwa hiyo hawakuwa wamejificha porini wakisubiri fasheni iwafikie. Austin alikuwa ameketi mahali fasheni yenyewe ilipochorwa, na akachagua kuondoka.

Tofauti utaiona kwa macho. Simama mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Lancaster, lililokamilika 1859 kwa mkono wa Paley. Ni jengo zuri. Kilele chake kinafika mita 73 na kinautawala mji. Lakini kila kitu kiko pale unapokitarajia. Kisha nenda Kirkby, nje ya Liverpool, kwenye Kanisa la Mtakatifu Chad, la 1869 hadi 1871, kazi ya mwanzoni kabisa ya Paley na Austin. Hapa mnara mzito umekaa katikati ya jengo, mfupi na mpana, na badala ya kilele chenye ncha una paa la mgongo kama la nyumba. Kuta ni za jiwe jekundu la mchanga, madirisha hayana haraka ya kujipamba, na uzito wote unaushuka ukuta mpaka ardhini ukiwa wazi mbele yako. Ndani walikuwa na kisima cha ubatizo cha zama za Wanormani, kimebaki kutoka kanisa la zamani, na nadhani ukale wake uliwapa wasanifu sauti ya kufuata. Ni miaka 12 tu imepita kati ya majengo haya mawili, ila fikra ni tofauti kabisa.

Huo ndio mchango wa Austin: ujasiri wa kuacha. Wengi wa wakati wake waliogopa ukuta mtupu. Kila nafasi waliijaza nakshi, mistari ya matofali ya rangi, malaika. Yeye aliuacha ukuta upumzike, kisha akamimina ufundi wote mahali pamoja, penye dirisha la mashariki au kwenye mlango. Kanisa la Mtakatifu Maria, Dalton-in-Furness, la 1882 hadi 1885, lina sehemu ambazo mawe ya rangi mbili, jiwe la chokaa la pale Furness na jiwe jekundu la mchanga, yamepangwa miraba kwa miraba kama ubao wa dama. Karibia uangalie. Hiyo si rangi iliyopakwa juu ya ukuta. Ni ukuta wenyewe, fundi amechagua kila jiwe kutoka rundo la kulia au la kushoto. Na pembeni ya miraba hiyo kuna ukuta wa kawaida usio na lolote, ndio unaoipa nguvu.

Pia hawakuhofia kutokuwa na ulinganifu. Makanisa yao mengi yana bawa, yaani sehemu ya pembeni ya ukumbi, upande mmoja tu, kwa sababu parokia haikuwa na fedha za mabawa mawili, na badala ya kuchora jengo linaloonekana limekatwa nusu, walichora jengo ambalo upande mmoja ni sahihi. Daisy Hill, karibu na Westhoughton, ulikuwa mtaa wa wachimba makaa. Kanisa la Mtakatifu Yakobo pale, la 1879 hadi 1881, ni la matofali. Fedha za mnara hazikuwepo, basi kengele zimewekwa kwenye kijumba kinachopanda kutoka ukutani, na kijumba hicho kimechorwa kwa uangalifu kiasi kwamba huutamani mnara. Kama ningeambiwa niwafundishe wanafunzi wa mwaka wa pili kwa kutumia jengo moja la ofisi hii, ningewapeleka Daisy Hill kabla ya lolote lenye fedha nyingi.

La milimani pia ni la kuliona. Dayosisi ya Carlisle ilitaka michoro ya makanisa yanayofaa nchi ya milima, na Finsthwaite, karibu na ziwa Windermere, walipata moja ya aina hiyo mwaka 1873 hadi 1874. Limejengwa kwa mawe ya milima ileile. Mnara ni mnene, umekaa kati ya ukumbi wa waumini na sehemu ya madhabahu, na juu una paa la pande nne linaloishia nchani. Mvua ya huko inakuja ikisukumwa na upepo, na jengo lote limechorwa kwa kulijua hilo.

Kuhusu nani alichora nini, nitakuwa mkweli. Ofisi ya ubia haifanyi kazi kwa mtu mmoja kuchora na mwingine kutazama. Mmoja hukutana na mteja, mwingine huchora rasimu, wanagenzi hunakili na kutoa vipimo vya mafundi, msimamizi hukaa kwenye ujenzi, na wazo zuri linaweza kutoka kwa yeyote katika mnyororo huo. Hata hivyo watu walioisoma ofisi hii kwa undani wanakubaliana kwamba kuanzia 1868 mkono wa usanii ulikuwa hasa wa Austin, na mimi nakubaliana nao kwa sababu ya Kirkby niliyoitaja: mtu hawezi kujenga kwa namna moja miaka mingi kisha akageuka ghafla mara tu anapopata mbia mpya. Lakini naomba usimfanye Paley karani. Bila jina lake hakuna kasisi wa Lancashire ambaye angemkabidhi kijana wa miaka 27 kanisa la parokia.

Na kuna waliochangia wasioitwa wasanifu. Shrigley na Hunt, kampuni ya vioo vya rangi, ilikuwa Lancaster hapo hapo, na madirisha yake yamo kwenye makanisa mengi ya ofisi hii. Gillow, watengeneza samani waliojulikana nchi nzima, nao walikuwa mjini. Msanifu aliyetaka kubadilisha rangi ya kioo hakuandika barua kwenda mji mwingine. Alivaa kofia akatembea. Mimi naamini hili ndilo lililoyapa majengo yao umoja. Dirisha, kiti cha kwaya na tao la jiwe vinazungumza kwa sauti moja kwa sababu waliovitengeneza walikuwa wakionana mitaani.

Je, London iliwahi kuwashinda? Ndiyo, na mara moja nyumbani kwao. Lord Ashton, tajiri wa Lancaster, alipotaka kuujengea mji wake ukumbi wa jiji na lile jengo jeupe la ukumbusho lenye kuba kule kilimani, vyote vilivyokamilika 1909, aliwachukua E. W. Mountford na John Belcher kutoka London. Usije ukaviandika kwa jina la Austin, kosa hilo hutokea. Mara nyingine ilikuwa Liverpool. Shindano la kuchora kanisa kuu jipya mwaka 1902 lilivutia zaidi ya ofisi 100, na Austin na Paley (sasa Paley ni Harry) walikuwa miongoni mwa watano walioingia raundi ya mwisho. Mshindi alikuwa Giles Gilbert Scott, kijana wa miaka 22, mjukuu wa yuleyule Scott aliyemfundisha Austin kazi.

Lakini na wao waliwahi kwenda kusini. Kanisa la Watakatifu Wote la Hertford, si mbali na London, liliungua mwaka 1891. Ofisi ya Lancaster ikapata kazi ya kulijenga upya, 1893 hadi 1895, na wakalijenga kwa jiwe jekundu la Runcorn, Cheshire, lililosafirishwa hadi nchi isiyo na jiwe la namna hiyo. Wapo wanaosema lilipaswa kufuata mawe ya huko. Siwakubalii wala siwapingi moja kwa moja: kama kanuni, wana haki, ila ukisimama ndani, urefu wa nguzo na ukimya wa kuta unakufanya usitamani jiwe jingine.

Kilele cha yote ni Kanisa la Mtakatifu George, Stockport, lililowekwa wakfu 1897. George Fearn, mwenye kiwanda cha bia, alilipia na hakubana mkono. Ndipo unaona Austin anafanya nini akipewa nafasi: mpango wa msalaba, mnara katikati, kilele kirefu kinachoshikwa na matao membamba yanayoruka kutoka minara midogo ya pembeni, na ndani ukumbi mpana wenye mwanga, bila giza lile ambalo wengi walilidhani ni utakatifu. Kaburi la Fearn kwenye makaburi ya hapo limejengwa kwa mfano mdogo wa kilele hichohicho.

Baada ya 1900 kazi ziliendelea, nyingine nzuri, ila moto ulipungua. Wenye viwanda waliacha kujenga makanisa, vita ikaja, na Harry Paley akajikuta anachora minara ya kumbukumbu ya waliokufa. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima.

Sasa mpango wako wa kutazama. Usianzie Stockport. Anza na Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, kwa sababu lina wote wawili: jengo kuu ni la Paley, 1859, na chumba cha ubatizo cha pembe nane kando yake ni cha Austin na Paley, 1901. Simama mlangoni pa chumba hicho utazame huku na huku. Siku nyingine tembea mpaka Scotforth uguse terakota ya Sharpe kwa mkono. Utaona kingo ambazo jiwe lingekuwa limeliwa na mvua. Kisha panda treni ya Barrow kutoka Lancaster. Utavuka Kent na Leven kwa njia ileile iliyompeleka Paley kazini, utapita Ulverston na mnara wake wa saa, ushuke Dalton. Kanisa liko juu, halikupi shida kulipata. Daisy Hill ifuate, kwa treni, na ukiwa upande huo wa Bolton pitia Lever Bridge. Stockport iwe ya mwisho. Makanisa mengi hufungwa siku za kazi, kwa hiyo mwandikie kasisi mapema, au nenda Jumapili na ukae mpaka ibada iishe ndipo utoe daftari. Chora kwa mkono kabla ya kupiga picha, na uanze na sehemu ya ukuta ambayo unadhani haina kitu.